Maandazi: Ni Yapi Yaliyo Bora?

Kila mahali wanapokutana wanafunzi wa zamani wa shule yetu hayakosi kuzuka mabishano matatu: la mpira, la siasa, na la maandazi. Hayo mawili ya kwanza nawaachia wenye sauti kubwa kuliko yangu. Hili la tatu ndilo nitakalo kulisema leo, maana naona watu hubishana kwa mzaha tu, hali ndani yake mna jambo la maana.

Mtu wa Mombasa atakuambia hakuna andazi ila hamri, na ya kwamba sisi watu wa bara twakaanga mawe. Mtu wa Kampala ataisifu kabalagala mpaka mate yamdondoke. Mwingine aliyekwenda Ulaya atasema sisi sote hatujui kitu, kwa kuwa hatujaonja donati yenye jamu ndani. Kila mmoja huapa, na hakuna anayeshinda.

Nami nadai kwamba nina haki ya kusema katika shauri hili, kwa sababu mbili. Ya kwanza, nilikuwa karani wa wakala wa forodha kwa miaka zaidi ya thelathini. Nimefuatana na malori toka bandari ya Mombasa mpaka Malaba, Kampala, Kigali, Bujumbura na Goma. Karani wa safari hakai mezani akaandaliwa. Hula kilichomo karaini kando ya njia, tena upesi, kabla dereva hajapiga honi. Ya pili, mimi nilisomeshwa na maandazi. Hiyo nitaieleza mahali pake.

Kwanza yafaa tukubaliane andazi ni nini. Ni donge la unga lililofanywa jepesi kwa hamira au kwa kitu kingine, likatiwa katika mafuta ya moto yenye kina, likaelea humo mpaka likaiva. Kwa maana hiyo donati ya Wamarekani ni andazi, na kaimati ni andazi, hata zikiitwa majina mengine. Wahenga waliposema "Ukiona vyaelea vimeundwa," bila shaka walikuwa wakitazama vyombo vya baharini. Lakini mama yangu, ambaye hakupata kuiona bahari, aliutumia mfano huo kwa karai lake, na sidhani kama alikosea.

Maana vyaelea kwa sababu. Hamira hula sukari iliyomo katika unga na kutoa hewa. Unga wa ngano ukikandwa sana hugeuka kama mpira, huvutika pasipo kukatika, na hewa ile hunaswa ndani. Ndiyo sababu mkandaji mvivu hapati andazi jepesi. Kisha huja kazi ya moto. Mafuta yatakiwa yawe na joto la kadiri ya nyuzi 180 za Sentigredi. Hapo maji yaliyomo katika donge hugeuka mvuke, nao mvuke husukuma kutoka nje na kuyazuia mafuta yasiingie. Mafuta yakiwa na joto dogo, andazi huyanywa kama kitambaa. Yakizidi moto, ngozi huungua na moyo hubaki mbichi. Mama hakuwa na kipimo chochote. Alitupa kipande kidogo cha unga karaini: kikizama kikakaa chini, tungoje, kikizama na kupanda mara moja kikizungukwa na povu, tuanze, kikigeuka cheusi, tutoe kuni moja.

Sasa twende pwani, maana huko ndiko heshima ya maandazi ilikoanzia katika Afrika Mashariki yetu.

Hamri la Mombasa hukandwa kwa tui la nazi badala ya maji, hutiwa sukari, hamira, na hiliki iliyotwangwa. Huachwa liumuke, kisha madonge husukumwa duara kama chapati, na kila duara hukatwa vipande vinne. Ndiyo maana hamri lina pembe tatu na upande mmoja wa upinde. Likiingia mafutani hufura mara moja, likawa na uwazi ndani kama mfuko. Asubuhi wenyeji hulila pamoja na mbaazi zilizopikwa kwa tui. Mara ya kwanza nilipoletewa sahani hiyo katika mtaa wa Mji wa Kale, niliuliza mbona kitu kitamu kinaliwa na kitoweo cha chumvi. Mama aliyekuwa akiuza akanijibu, "Mwanangu, kula kwanza, kisha uulize." Nilikula, na sikuuliza tena. Ule utamu mdogo wa hamri na ule uzito wa mbaazi vimeoana, na hiliki husimama katikati kama shahidi wa ndoa.

Pwani pia wana kaimati, ambazo wengine huziita kalimati. Hizi ni vidonge vidogo vya mviringo, vya unga mwororo ulioumuka, visivyosukumwa bali huchotwa kwa mkono na kudondoshwa mafutani. Vikiisha iva hutiwa katika shira ya sukari, vikang'aa. Hupendwa hasa mwezi wa Ramadhani, jioni, wakati wa kufuturu. Jina lake ni la Kiarabu, na maana yake ni matonge madogo. Mpaka leo Oman na nchi nyingine za Ghuba hupika luqaimat za namna hiyo hiyo, wakizimiminia asali ya tende. Ukoo wake ni wa zamani sana: katika kitabu cha mapishi kilichoandikwa Baghdad mwaka 1226 na Muhammad bin al-Hasan al-Baghdadi mna vidonge vya unga ulioumuka, vilivyokaangwa na kutiwa katika shira, vikiitwa "matonge ya kadhi." Waturuki wanavyo, wakiviita lokma, na Wagiriki wanavyo, wakiviita loukoumades. Basi anayesema kaimati ni ya mji wake peke yake, na ajue ana ndugu wengi wa kurithi nao.

Tatu ni kitumbua. Hiki hakina ngano hata chembe. Mchele hulowekwa, husagwa pamoja na tui la nazi, hutiwa hamira, sukari na hiliki, ukawa uji mzito. Uji huo humiminwa katika chuma chenye vishimo, na mafuta kidogo katika kila kishimo, kisha hugeuzwa kwa kijiti ili uive juu na chini. Mtu mwenye kushika sheria sana atasema kitumbua si andazi, kwa kuwa hakielei. Namwomba aniachie, maana nitakuwa na haja nacho mwisho wa maneno yangu.

Ukiondoka pwani ukafuata njia kuu, minazi huisha, na tui huisha pamoja nayo. Hapo ndipo andazi linapoanza kubadilika. Bara ya Kenya utapata maandazi yaliyokandwa kwa maziwa ya ng'ombe au kwa maji tu, manene zaidi, yenye moyo mzito unaoshibisha. Hiliki hupungua, na mahali pengine hakuna kabisa. Huko ndiko nilikojuana na hafukeki. Hii haina hamira. Huumuliwa kwa ile poda inayotumiwa kwa keki. Unga wake hukandwa mgumu, na ikiiva hupasuka juu kama ardhi ya kiangazi. Watu wa pwani huicheka. Mimi siicheki hata kidogo, kwa kuwa hamri ni tamu saa ile ile lipikwapo, na kesho yake linavutika kama ngozi. Bali hafukeki ukiifunga katika karatasi Nairobi, utaila Malaba siku ya pili, nayo ingali na adabu yake. Madereva wajua hayo. Chakula cha safari hakipimwi kwa utamu tu.

Nyumbani kwetu ni Tororo, chini ya lile jabali kubwa ambalo kila msafiri wa reli hulijua. Reli ya kwenda Kampala, iliyofika huko mwaka 1931, ilipita kwetu, na pamoja na magogo na chuma ilileta watu. Jirani yetu katika mistari ya nyumba za wafanyakazi alikuwa mke wa fundi mmoja, mtu wa Mombasa. Yeye ndiye aliyemfundisha mama yangu kukanda. Nazi zilipoletwa na jamaa zake kwa gari-moshi, siku hiyo ilikuwa sikukuu. Zilipokosekana, walitia maziwa. Mama alisema daima kwamba mwalimu wake hakupata kumwambia "Hapa haiwezekani." Alimwambia, "Hapa kuna nini?"

Baba alifariki mwaka 1974, nasi tulikuwa watoto watano. Mama akaweka karai barazani, akaanza kuuza. Alikuwa akiamka saa kumi za usiku. Dada yangu mkubwa alikanda, mimi nilipasua kuni na kupeleka beseni kwenye kituo cha malori kabla ya kwenda shule. Sarafu zilitiwa katika kopo la majani ya chai, na kila Jumamosi zilihesabiwa na kugawanywa mafungu matatu: fungu la unga na mafuta, fungu la chakula, na fungu la karo. Fungu la karo lilifungwa katika kitambaa, na hata tukilala na njaa halikufunguliwa. Haba na haba hujaza kibaba. Nimekuwa nikiusikia mfano huo vinywani mwa walimu wengi, lakini mimi niliuona kwa macho.

Wakati ule sukari ilikuwa imeadimika Uganda. Wenye viwanda vya Kakira na Lugazi walifukuzwa nchini mwaka 1972 pamoja na Waasia wengine, na katika miaka iliyofuata sukari iliyotengenezwa ilikuwa ikipungua mpaka ikawa kitu cha magendo. Ilipatikana kwa kujuana, na bei yake haikuwa ya mjane. Unga wa ngano nao ulikuwa ukikatika wiki nzima. Niliingia shule hii mwaka 1977, na muhula wa pili tu wa mwaka ule kopo la chai lilikuwa tupu. Nilikwisha funga nguo zangu niwe tayari kurudi nyumbani nikitumwa.

Hapo mama alifanya alilofundishwa: aliuliza hapa kuna nini. Palikuwa na ndizi zile ndogo tamu ambazo Waganda huziita ndiizi, na muhogo. Akaacha maandazi, akaanza kabalagala.

Kwa ajili ya wasomaji walio mbali na Uganda nitaeleza. Ndizi zilizoiva sana, mpaka ganda lina madoa meusi, humenywa na kupondwa kwa mikono. Kisha unga wa muhogo hutiwa kidogo kidogo huku ukikanda, mpaka donge linashikana lisigande mikononi. Maji hayatiwi hata tone, wala sukari, kwa kuwa ndizi ina vyote viwili. Donge husukumwa unene wa kidole, hukatwa kwa mdomo wa glasi, na hukaangwa kwa moto wa wastani, maana sukari ya ndizi huungua upesi. Muhogo hauna ile nguvu ya kuvutika iliyo katika ngano. Kinachoshikanisha ni ule unato wa ndizi yenyewe. Ikitoka ni ya rangi ya kahawia iliyokolea, nje ina ukavu kidogo, ndani ni laini kama inavyotafunika ndizi iliyochomwa. Wala haihitaji kitu cha kupakwa.

Mwanzo wateja walinung'unika. Utingo mmoja alimwambia mama mbele yangu kwamba kabalagala ni chakula cha watoto na cha watu wa mashamba, yeye anataka andazi la ngano. Mama akamjibu kwa upole, "Baba, ngano ikija nitakukaangia. Leo nakukaangia kilichokuja." Yule mtu alinunua mbili, akarudi akanunua nne. Mwisho wa mwezi ule fungu la karo lilifungwa kama desturi. Sikurudishwa nyumbani. Kila nionapo jina langu katika orodha ya wanafunzi wa zamani, najua limeandikwa kwa ndizi na muhogo.

Baadaye kazi ilinipeleka upande wa magharibi, nami nikajifunza kwamba majina ya maandazi husafiri kuliko maandazi yenyewe. Rwanda na Burundi husema amandazi, na msemaji wa Kiswahili hapati taabu. Lakini siku moja Goma nilifuatana na mwenzangu wa Kinshasa, msemaji wa Kilingala. Tuliingia mkahawani asubuhi, akaagiza mikate. Akaletewa mkate mrefu wa kukata. Akasema, "Sivyo, mikate!" Akaletewa wa pili. Basi watu wakacheka, maana kwa Kilingala mikate ndiyo vile vidonge vya mviringo vya kukaangwa, ambavyo Kinshasa huliwa sana pamoja na siagi ya karanga. Mkate wa kukata wao huuita limpa. Neno moja, na kila mtu na karai lake.

Vivyo hivyo kitumbua. Madereva wa Zambia waliniambia kwao vitumbuwa ni vidonge vya unga wa ngano, wala mchele haumo. Na wale wa Malawi huponda ndizi mbivu wakachanganya na unga wa mahindi, wakakaanga, wakaviita zitumbuwa. Jina limesafiri na kuuacha mchele nyuma, likaokota kilichopatikana njiani. Nilipoyasikia hayo nilifurahi sana, kwa kuwa zitumbuwa za Malawi ni ndugu wa tumbo moja na kabalagala ya mama yangu, ingawa hawajapata kuonana.

Sasa nije kwa wale wanaojivunia donati za ng'ambo. Mwenzetu mmoja wa darasa letu aishiye Ujerumani huniandikia habari zake. Huko andazi lao ni la mviringo, halina tundu, nalo hujazwa jamu kwa bomba dogo likiisha iva, kisha hunyunyiziwa sukari ya vumbi. Sehemu nyingi za nchi huliita Berliner, lakini katika mji wa Berlin wenyewe halina jina hilo. Wao huliita Pfannkuchen. Huliwa sana usiku wa kuamkia mwaka mpya, na watani hujaza moja haradali badala ya jamu, wakaliweka katikati ya mengine ili kumnasa mtu. Nadhani mchezo huo ungependwa sana katika bweni letu. Waholanzi nao wakati huo huo wa mwaka hukaanga oliebollen, vidonge vyenye zabibu kavu ndani. Wapolandi hula pączki Alhamisi ya mwisho kabla ya Kwaresima, na nyingi hujazwa jamu ya maua ya waridi. Desturi hiyo ilikuwa ya kumaliza mafuta, mayai na sukari kabla mfungo haujaingia. Angalieni basi: wao hukaanga kabla ya kufunga, na ndugu zetu wa pwani hukaanga kaimati kwa ajili ya kufungulia. Njaa ni moja, mlango ndio mbali.

Ama lile tundu la donati ya Marekani, baharia mmoja jina lake Hanson Gregory alidai kwamba yeye ndiye aliyelivumbua mwaka 1847. Kama ni kweli au ni majivuno ya mabaharia si kitu. Hoja yenyewe ni nzuri. Donge nene huchelewa kuiva katikati, na ukiondoa katikati, hakuna tena cha kubaki kibichi. Watu wa Mombasa walilitatua jambo lile lile kwa kusukuma unga mwembamba. Wagonjwa wawili, dawa mbili, wote wamepona.

Wengi huniuliza mbona sisi hatujazi kitu ndani ya maandazi yetu. Nawajibu kwamba twajaza, ila twaweka kando ya sahani. Hamri lina mbaazi zake, andazi la Nairobi lina maharagwe yake, na yote yana chai. Kameruni nao hula vidonge vyao pamoja na maharagwe, na hawakuja Mombasa kujifunza. Afrika ya Kusini ndio wanaopasua magwinya yao na kutia nyama ya kusaga ndani. Nimezoea kuona kwamba mahali andazi lilipo anasa ya sikukuu, hujazwa kitamu. Na mahali lilipo chakula cha mtu wa kazi, huwekewa kitu cha kushibisha. Kwetu ni chakula cha mtu wa kazi, wala si aibu.

Nimesema kwamba mna jambo la maana katika mabishano haya, na sasa nimelifikia. Mwezi wa Februari mwaka 2022 Urusi iliishambulia Ukraine. Nchi hizo mbili pamoja zilikuwa zikiuza zaidi ya robo ya ngano inayouzwa baina ya mataifa, na Ukraine ilikuwa ya kwanza duniani kwa kuuza nje mafuta ya alizeti. Mwezi wa Aprili mwaka ule ule Indonesia ikazuia kwa majuma kadhaa mafuta yake ya mawese yasitoke. Uganda hulima ngano kidogo katika miteremko ya mlima Elgon, upande wa Kapchorwa, lakini nyingi hutoka nje. Basi vita ilipigwa mbali, na mshindo wake ukasikika katika karai la Tororo.

Karai hilo sasa ni la dada yangu. Aliponipigia simu alikuwa na mashauri matatu mbele yake. Aongeze bei, na watoto wa shule wangemkimbia, kwa kuwa sarafu aliyopewa mtoto haiongezeki kwa sababu ya vita. Apunguze ukubwa wa andazi na bei ibaki ile ile, kama walivyofanya wengi. Au afunge biashara mpaka mambo yatulie. Nilimshauri apunguze ukubwa, maana ndivyo kila mtu alivyokuwa akifanya. Akanijibu, "Mtoto hana mizani, lakini ana macho." Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama nimesahau mwaka 1977.

Alirudi kwenye ndizi. Asubuhi aliuza kabalagala, na maandazi ya ngano akayapika kidogo tu, tena akichanganya bakuli moja la unga wa muhogo kwa mabakuli manne ya ngano. Mafuta yalikuwa ghali kwa vyote viwili, hilo hakuweza kulikwepa. Lakini unga na utamu alivipata sokoni pale pale, kutoka kwa wanawake anaowajua majina, na fedha aliyolipa ilibaki Tororo. Mjukuu wake mmoja yumo darasani mwenu sasa. Sitamtaja, asije akatiwa utani. Ila jueni kwamba mwaka ule karo yake ilitoka mle mlimotoka yangu.

Basi hukumu yangu ni hii. Mkiniuliza lipi ni tamu kuliko yote, nitasema hamri la Mombasa likiwa moto, na mbaazi kando yake. Mkiniuliza lipi lafaa kwa safari, nitasema hafukeki. Jioni yenye wageni, nipeni kaimati. Lakini mkiniuliza lipi lililo bora, nitatazama kitu kingine zaidi ya ulimi. Nitauliza: siku mlango wa dunia ukifungwa, ni andazi lipi litakaloendelea kuelea? Pwani jibu ni kitumbua, maana mchele wa Mbeya na nazi za Pemba hazingoji meli kutoka Bahari Nyeusi. Na hiyo ndiyo sababu sikukubali aondolewe katika shauri. Malawi jibu ni zitumbuwa. Kwetu Uganda, nchi iliyo miongoni mwa zile zinazolima ndizi nyingi kabisa duniani, jibu ni kabalagala.

Sisemi ngano ni adui. Ngano ni mgeni mzuri aliyetufundisha mengi, na pwani imemkaribisha mpaka akawa mwenyeji. Nasema tu kwamba mwenye nyumba asisahau kupika kwake kwa sababu mgeni huleta zawadi. Nimesikia kwamba wako wanafunzi wanaoona haya kununua kabalagala langoni, wakisema ni chakula cha maskini, na kwamba mtu aliyeendelea hula donati yenye sukari ya rangi juu yake. Wadogo zangu, kila mtu ana uhuru wa kinywa chake. Lakini msilidharau karai msilolijua historia yake. Yule mama aketiye langoni na beseni lililofunikwa kitambaa ameamka mlipokuwa mngali mmelala, na huenda fungu lake la tatu ndilo linalomweka mwenzako katika dawati la pili yako.

Nawaomba jambo moja tu, nalo ni jepesi. Likizo ijayo, kila mmoja aende kwa mama yake, au shangazi yake, au bibi yake, amwulize namna kwao wanavyokaanga, na kwa nini. Kisha aandike apeleke kwa Mhariri wa gazeti hili. Wa Arua alete ya Arua, wa Mbarara ya Mbarara, na walio ng'ambo walete ya huko. Mabishano yetu yatapata ushahidi, na vitu vingi ambavyo havijapata kuandikwa popote vitaandikwa. Msisahau kuuliza vipimo, maana wazee hupima kwa kiganja, nacho kiganja hakirithiwi. Mimi nimekwisha toa cha mama yangu: ndizi zilizoiva mpaka zina madoa, unga wa muhogo mpaka donge lisigande, na maji hata tone.